Jicho la Baba Halikuuma

Tunaomba tuwasimulie kosa letu, ili lisiwe lenu.

Mwaka 2019 Baba alikuja kututembelea hapa Houston. Alfajiri moja, baada ya kuswali, alituambia jicho lake la kushoto halioni kitu, kama pazia lililoshushwa. Tukamuuliza, "Linauma, Baba?" Akajibu haliumi. Basi tukasema ni uchovu wa safari. Tukamtia matone, tukamwambia apumzike. Hospitali tulimpeleka kesho yake jioni.

Daktari alituambia ni kiharusi cha jicho. Donge la damu lilikuwa limeziba ateri kuu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Utando huo ukikosa oksijeni hufa katika muda wa saa chache, na hufa bila maumivu. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

Ndipo tukasikia habari za chumba cha mgandamizo. Mgonjwa huingizwa humo akavuta oksijeni tupu, hewa ikiwa imegandamizwa mara mbili au zaidi ya kawaida. Oksijeni nyingi huyeyuka katika majimaji ya damu. Nyuma ya retina kuna tabaka lenye mishipa yake yenyewe, isiyopitia ateri ile iliyoziba. Tabaka hilo huweza kuilisha retina mpaka njia ifunguke. Lakini matibabu hayo hutakiwa kuanza mapema, ndani ya saa 24, na kila saa inayopita hupunguza matumaini. Sisi tulikuwa tumekwisha pitisha saa 30.

Majuto ni mjukuu. Tulipata kliniki moja ya binafsi iliyotuahidi kwamba mara 40 za kuingia chumbani zingerudisha uoni. Tukaanza kuchangishana. Daktari wa macho akatuzuia: oksijeni huokoa retina iliyo hai, haifufui iliyokufa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imevikubali vyumba hivyo kwa upofu wa ghafla wa jicho moja, usio na maumivu, unaotokana na damu kuzibwa. Haijavikubali kwa maradhi ya retina ya kurithi yanayokuja polepole. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo asiuze shamba kwa ahadi.

Fedha tulizochanga zilikwenda kwenye vipimo vya moyo na mishipa ya shingo, kwani kiharusi cha jicho huweza kutangulia kile cha ubongo.

Baba hakutulaumu hata siku moja. Akimimina kahawa hugusa kwanza ukingo wa kikombe kwa kidole, nasi hutazama pembeni.

Ndugu zetu, jicho likizima ghafla, hata lisipouma, msilale nalo. Pigeni simu ya dharura saa ile ile, mtaje saa lilipozima, na muulize kama chumba cha oksijeni kipo karibu.