Kivuli cha kufungua na kufunga: paa la veranda Witeithie

Ukiabiri matatu ya namba 237 jijini Nairobi, utaipita Ruiru, kisha Juja na chuo kikuu chake, na kabla hujaingia Thika utafika Witeithie. Jina hilo ni la Kikikuyu, na maana yake ni "jisaidie". Wakazi wamelitii barabara. Kila upande utakaogeukia kuna mtu anayejenga, na lori la mawe ya Ndarugu linalotafuta ploti ya kuyamwaga. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi Novemba 2012, jamaa nyingi za jijini zimeona afadhali kulala huku na kuamkia kazini Nairobi.

Tembea basi katika vichochoro vya mtaa huu uitazame mipaka ya nyumba na ua. Mara nyingi utaona mabati yaliyosukumwa mbele ya mlango wa sebule na kuegemezwa kwenye vyuma viwili. Hiyo ndiyo veranda. Hapo nguo huanikwa mvua inaponyesha, wageni huketi, na watoto hufanyia kazi za shule. Bati hilo halina makosa mwezi wa Februari jua likichoma. Ngoja Julai, mawingu yanapotanda siku nzima na baridi kuwafanya watu wavae sweta hata adhuhuri. Sebule iliyo nyuma ya bati hugeuka pango. Taa huwashwa saa nane mchana, bili ya stima hupanda, na mwanafunzi hukunja uso juu ya daftari lake.

Ndiyo sababu siku hizi familia nyingi huulizia paa la luva. Iwapo ulilelewa katika nyumba yenye madirisha ya vioo vya luva, vile vya kufunguliwa kwa mkono wa chuma pembeni, jambo lenyewe unalijua tayari. Lilaze dirisha hilo juu ya veranda, badala ya vioo weka mabapa ya alumini. Ukiyasimamisha, mwanga na hewa hupita. Ukiyalaza, kila bapa hulalia ukingo wa mwenzake, na maji huteremka kwenye mfereji wa pembeni na kushukia ndani ya nguzo. Hata Waswahili wa Mombasa na Lamu hawakuwa mbali na wazo hili. Mbao za mshazari katika madirisha yao zilileta upepo na kulizuia jua kabla ya alumini kufika.

Ya bei ya juu huendeshwa kwa mota na kidude cha kubonyeza, na mengine hujifunga yenyewe tone la kwanza likianguka. Ya bei ya chini huchomelewa na fundi wa jua kali kwa chuma na vipande vya bati, nayo huanza kuliwa na kutu kwenye bawaba. Kwa mtu wa kipato cha wastani, mimi ningechagua lililo kati: mabapa ya alumini, fremu imara, na mkono wa kuzungusha. Stima ikipotea dhoruba inapovuma, paa la mota lisilo na betri hubaki wazi lilivyo na makochi yakalowa. Mkono wa kuzungusha hauulizi stima. Tena ukivunjika, fundi wa karibu atauunda mwingine jioni hiyo hiyo, wakati mota husubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Sasa tahadhari na vijitabu vinavyokuja na mapaa haya. Vingi viliandikwa kwa nchi ambako jua hukaa upande mmoja wa anga mwaka mzima, na hushauri mabapa yalazwe kutoka mashariki hadi magharibi. Witeithie iko takriban digrii moja tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini, Desemba huinamia kusini, na mwezi Machi na Septemba hupita utosini. Linalobadilika sana kila siku ni asubuhi na alasiri. Kwa hiyo mwambie fundi alaze mabapa kutoka kaskazini hadi kusini, ili uyageuze kulikinga jua la mashariki asubuhi na la magharibi alasiri. Jua la saa kumi na moja jioni ni jambo jingine. Hilo huingia kwa ubavu chini ya paa, na dawa yake ni mkeka wa kuteremsha au mti.

Jambo la pili ni ardhi. Sehemu nyingi za upande wa Juja zina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Veranda ya mabati huvumilia nguzo iliyoinama kidogo. Paa la luva halivumilii, kwani fremu ikipinda mabapa hukwama nusu wazi. Chimba mpaka ufikie ardhi ngumu, umwage zege, na ufunge nguzo kwa bolti. Upepo nao huingia chini ya veranda na kuinua, kwa hiyo usikubali paa lining'inizwe kwenye ubao wa ukingo wa nyumba pekee.

Kisha maji. Veranda ya mita nne kwa tano ni mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 25 ikiiangukia, unapata lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Mfereji mwembamba hufurika na kukumwagia maji begani. Ukiwa mpana na ukaunganishwa na tangi, umepata maji ya kufulia. Uuzolee majani kabla ya masika ya Machi, na tena kabla ya vuli ya Oktoba.

Usisahau kupitia ofisi za mipango za kaunti ya Kiambu kabla ya kuchimba, na umtake fundi akuandikie unene wa alumini pamoja na bei ya kila mita ya mraba. Ukiamua kubaki na mabati, kumbuka kwamba geji 30 ni nyembamba kuliko 28, ingawa namba yake ni kubwa.

Usimlipe fundi salio siku anapokusanya vyombo vyake. Mwambie ayafunge mabapa, apande ngazi na mpira wa maji, amwage robo saa bila kusita. Wewe keti chini yake ukiwa na gazeti kavu mkononi.