Twende Igembe tukauone mti wa miraa

Msomaji mpendwa, bila shaka umewahi kuiona miraa. Ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi au Mombasa, umeiona kwenye vibanda vya kando ya barabara ikiwa imefungwa kwa jani la mgomba, na karibu yake njugu karanga na bigijii. Lakini je, umewahi kuuona mti wenyewe? Wengi wetu tunalijua fungu, shina hatulijui. Jumapili hii nakualika tufunge safari hadi Igembe, tukautembelee mti huo nyumbani kwake.

Ukishafika mjini Meru, panda matatu ya Maua. Ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Utapita Kianjai, kisha Kangeta, na kadiri unavyoukwea mlima wa Nyambene ndivyo hewa inavyokuwa baridi na udongo unavyozidi wekundu. Huko chini, upande wa mashariki, utaona tambarare kame za mbuga ya wanyama ya Meru.

Usitarajie kuona mistari iliyonyooka kama ya majani chai kule Kericho. Miraa ni mti wa bomani. Utaukuta nyuma ya jiko, kando ya zizi na katikati ya mahindi, maharagwe na viazi vikuu. Gome lake ni la kijivu, matawi yamepindapinda kwa kupogolewa mwaka baada ya mwaka, na machipukizi yake mororo yana rangi nyekundu. Hayo ndiyo yanayotafutwa.

Kuulea mti huu ni kazi ya subira. Kwa kawaida mkulima wa Igembe hahangaiki na mbegu. Huchukua chipukizi lililoota shinani pa mti mkubwa, akalichimbia shimo, akatia samadi na kulipanda mvua inapoanza. Kisha hungoja. Itapita miaka mitatu, minne au zaidi kabla hajapata mavuno ya maana. Muda huo wote anapalilia kwa uangalifu jembe lisije likajeruhi mizizi, na anapogoa, kwani mti ulioachwa ujiotee hurefuka mno, ukawa mgumu kuvuna. Mvua zikizidi, machipukizi hujaa sokoni na bei huanguka. Kiangazi kikija, bei hupanda, na mwenye maji ya kunyunyizia ndiye anayecheka.

Ukibahatika, mwenyeji wako atakuonyesha mti uitwao mbaine. Hilo ni jina la rika la wazee wa zamani, na ndilo linalopewa miti mikongwe kupita yote. Waliopanda miti hiyo wamekwisha kuzikwa, nao wajukuu wa wajukuu wao wangali wanachuma. Aidha, miraa ina heshima yake katika mila. Kijana akitaka kuoa, wazee wake hupeleka kwa baba ya binti fungu maalumu liitwalo ncoolo, lililofungwa kwa ustadi. Kulipokea ni kukubali mazungumzo yaanze.

Naam, huo ndio mti. Sasa tazama mambo yanavyobadilika mara tu chipukizi linapokatwa. Subira yote huisha, haraka ikaanza. Kichangamsho kikuu kilichomo, kiitwacho kathinoni, huanza kupungua nguvu tangu kukatwa, na baada ya siku mbili hivi miraa haina thamani kubwa tena. Ndiyo sababu wachumaji huingia shambani mapema, wafungaji wakawa tayari na majani ya migomba. Vijiti hufungwa shurba, na shurba kumi hufanya kilo. Usiitafute mizani, msomaji. Kilo hiyo huhesabiwa, haipimwi. Kisha pikapu hushika njia ya Nairobi, nyingine zikikimbilia uwanja wa ndege wa Wilson, kwa mwendo ambao kila atumiaye barabara ile anaujua na kuuogopa.

Hapa ndipo ningependa tusimame kidogo. Inua macho utazame juu ya mti. Aliye kileleni ni nani? Mara nyingi ni mvulana. Matawi ya juu ni membamba, hayahimili uzito wa mtu mzima, na mtoto wa miaka 12 au 13 huyafikia bila kuyavunja. Jioni hiyo hiyo analipwa. Je, mwalimu atamwambia nini mtoto mwenye noti mfukoni? Shule hulipa baada ya miaka mingi. Mti hulipa leo. Walimu wa Igembe wamelia na jambo hili kwa muda mrefu, kwamba madawati ya wavulana hubaki matupu.

Tena soko lenyewe haliko mikononi mwa mkulima. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka wa 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014. Machi 2020 Somalia ilifunga mlango, na haukufunguliwa hadi Julai 2022. Kila mlango ulipofungwa, machipukizi yalikosa wanunuzi. Mwenye mti alipata hasara, lakini mti alibaki nao. Yule kijana aliyeacha shule ili achume alibaki na nini?

Sisemi miraa iko sawa na mchicha. Anayeitafuna kupita kiasi hukosa usingizi na hamu ya chakula, na Shirika la Afya Duniani liliihesabu mwaka wa 1980 miongoni mwa vitu vinavyoweza kumdhuru mtumiaji. Vilevile siwezi kuubeza mti huu, ambao sheria ya Kenya iliutambua kuwa zao mwaka wa 2016. Nyumba nyingi za mawe utakazoziona kutoka Maua hadi Laare zimejengwa na miraa. Wapo pia madaktari na walimu waliolipiwa karo kwa mti uliokuwa nyuma ya jiko la mama yao.

Wazazi hao walielewa jambo moja. Mtu anayeweza kukitunza chipukizi miaka minne bila kuchuma kitu, akikipalilia na kukingoja, hawezi kudai kwamba hana subira ya kumngojea mtoto amalize shule. Mtoto naye ni chipukizi la shinani. Ukimvuna mapema, hatakua.

Basi, msomaji, utakapopita tena karibu na kibanda cha miraa mtaani kwenu, litazame fungu lile kwa jicho jingine. Mwulize muuzaji limetoka wapi. Akikujibu Igembe, wewe unaujua mti wake, na unamjua aliyeupanda mlimani. Mwulize pia, kwa upole, aliyelichuma ana umri gani.