Wimbo Uliofungiwa Ndani ya Simu

Tabora ni mji wa njia. Kabla ya reli, na kabla ya lami, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapo, na mingine ikageukia kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya frasila 2 hivi kila mmoja, yaani kilo 30 na ushei, kwa mwendo wa miezi kama 3 kutoka pwani. Walipanda bara na nguo, shanga na nyaya, wakateremka na pembe za ndovu. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, jambo ambalo hatuna budi kulikumbuka kila tunapoitaja. Lakini kilikuwako kitu kimoja kilichopita bila kutozwa ushuru wala kupimwa uzito, nacho ni wimbo. Aliyeusikia Ujiji aliweza kuuimba Bagamoyo, na hakuna mtemi aliyeweza kumwambia kwamba wimbo ule haukubaliwi na ngoma za huku.

Leo, ndugu msomaji, napenda tuzungumze juu ya wimbo unaozuiliwa njiani. Jambo hili limeingia nyumbani kwetu, na bila shaka limekwisha kuingia kwako pia, ingawa huenda hujalipa jina.

SABUFA YA BIBI

Mama yangu ni mjane wa mfanyakazi wa reli, na anaishi Tabora mpaka leo. Miguu yake imechoka, macho yake yamepungua nuru, lakini masikio yake ni mazima. Sebuleni kwake mna sabufa ya bei ya kawaida, ya aina ile ipatikanayo katika kila duka la Kariakoo: ina redio, ina tundu la fleshi, na ina Bluetooth. Hiyo ndiyo inayomsaidia kuupitisha mchana.

Desemba iliyopita mpwa wangu, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikwenda kumtembelea bibi yake. Kijana huyu hulipia kila mwezi huduma mojawapo ya muziki wa intaneti. Kwa muda wa wiki nzima alikuwa amekusanya katika simu yake nyimbo kama 40 za ujana wa bibi: "Dada Asha" ya Tabora Jazz, "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz, za Kiko Kids ya Salum Zahoro, na za Western Jazz, ambayo ingawa maskani yake yalikuwa Dar es Salaam, mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alikuwa mwenyeji wa Nzega. Kila wimbo aliupakua, na kila wimbo uliimba vizuri hata alipozima intaneti. Kusudi lake lilikuwa kuzihamishia nyimbo hizo katika fleshi, aichomeke katika sabufa, na kumwachia bibi zawadi.

Zawadi hiyo haikuachwa. Alipoiunganisha simu na kompyuta ya jirani, hakuona wimbo hata mmoja. Aliona vipande vya kumbukumbu visivyo na majina ya kueleweka, na alipovitia katika fleshi, sabufa ilivikataa kabisa. Ikabidi atumie Bluetooth. Kwa siku 9 nyumba ilichangamka. Majirani wa rika la mama walikuja, wakakumbushana kumbi za dansi na watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Siku ya 10 kijana akapanda treni, na simu yake mfukoni. Sabufa ikabaki na taa yake ya buluu ikiwaka na kuzima, ikimtafuta aliyeondoka.

Jioni ile mama alinipigia simu, akaniuliza: "Mwanangu, kwani nyimbo zile zilikuwa wageni? Mbona zimeondoka na mjukuu wangu?"

MAWIMBI HAYAKUULIZA

Swali hilo lilinikumbusha jinsi mambo yalivyokuwa hapo zamani. Bendi zetu zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti zao zikarushwa hewani. Mawimbi hayakuuliza redio yako imetengenezwa na nani. Iwe Philips, iwe National, iwe mkebe uliofufuliwa na fundi wa mtaani, yote ilisikia wimbo ule ule saa ile ile. Redio ilikaa juu ya meza, na mwenyewe alikuwa ni nyumba nzima.

Zilipokuja kanda, hali ilikuwa hivyo hivyo. Kampuni ya Philips ilipoitoa kanda ndogo mwaka 1963, iliwaruhusu watengenezaji wengine kuitumia bila malipo mradi wafuate vipimo vyake. Kwa sababu ya uamuzi huo, kanda iliyonunuliwa Kigoma iliweza kupigwa katika redio kaseti ya Kijapani iliyoko Mombasa, au katika gari la Mjerumani. Kipimo kilikuwa kimoja, na mlango ukawa wazi kwa kila mwenye chombo.

Kwa nini basi mlango huo umefungwa leo, wakati ambapo simu moja inaweza kubeba nyimbo nyingi kuliko duka zima la santuri? Nilimuuliza fundi mmoja wa vyombo vya sauti, nikasoma nilichoweza kusoma, na nimeona sababu zifuatazo.

Ya kwanza ni haki ya mwenye wimbo. Anayelipia huduma hizi kila mwezi hanunui wimbo; anakodi ruhusa ya kuusikiliza. Wenye hati za nyimbo hawakubali ziwekwe katika simu za watu zikiwa wazi, kwani nakala moja ingezaa elfu bila wao kupata senti. Kwa hiyo wimbo "uliopakuliwa" huwekwa ukiwa umefungwa kwa hesabu za siri, na ufunguo anao mwenye programu peke yake. Spotify, kwa mfano, ambayo ilifungua huduma yake Tanzania mwaka 2021, humtaka mteja aunganishe intaneti angalau mara moja katika kila siku 30, ili ihakikishe kwamba bado analipa. Asipofanya hivyo, nyimbo alizopakua hunyamaza.

Ya pili ni uwezo wa chombo chenyewe. Fundi aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mzee, sabufa hii ni sikio tu, haina akili." Maana yake ni kwamba chipu iliyomo ndani imefundishwa kazi moja, yaani kusoma wimbo ulio wazi katika fleshi. Ili iweze kuuchukua wimbo moja kwa moja kutoka katika huduma ya intaneti, ingehitaji kompyuta ndogo ndani yake, kumbukumbu ya kutosha, na njia yake yenyewe ya kuifikia intaneti. Hivyo vyote ni gharama, na mnunuzi wa Kariakoo hutafuta bei nafuu.

Ya tatu ni mkataba. Hata kiwanda kikiweka kompyuta hiyo, hakiruhusiwi kuufungua wimbo mpaka kiingie mkataba na kila huduma, chombo chake kipimwe na kukubaliwa, na programu yake iendelee kurekebishwa miaka yote. Kiwanda kikubwa huweza. Kiwanda kisicho na jina, ambacho mwaka huu kinatengeneza sabufa na mwakani kitatengeneza pasi, hakiwezi wala hakioni faida ya kufanya hivyo.

Ya nne ni ushindani. Kampuni nyingine huuza muziki na vyombo pia, na kila moja ingependa mteja akae ndani ya uzio wake. Apple ilipoanza kuuza spika yake ya nyumbani mwaka 2018, aliyetaka kuiamuru kwa sauti impigie wimbo aliweza kutumia huduma ya Apple yenyewe, si ya mshindani.

HONGO YA NJIA

Sisi wa magharibi tunalo neno la zamani kwa mambo kama haya. Misafara ilipopita Ugogo, watemi waliwatoza hongo. Siku zile neno hilo halikuwa na maana ya rushwa kama lilivyo sasa. Lilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa aghalabu kwa nguo, na mtemi alikuwa na haki yake, kwa kuwa maji na chakula vilikuwa vya nchi yake. Shida ilikuwa kwamba mtemi mmoja alikuwa hajui, wala hajali, kwamba umekwisha kulipa kwa mwenzake. Na mwaka 1871, vita vilipozuka kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa kabisa, na hata aliyekuwa na nguo za kulipa hakupita.

Wimbo wa leo nao una hongo zake: ya mwenye hati, ya mwenye huduma, ya mwenye simu, ya mwenye spika. Mpwa wangu alilipa ya kwanza na ya pili, akadhani amefika. Kumbe bado palikuwa na boma mbele.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya ufundi tu, kama tofauti ya reli na reli. Ni kweli kwamba Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000, ile ya TAZARA ina 1,067, na reli ya kisasa ya SGR ina 1,435. Behewa la moja haliendi katika nyingine. Lakini reli zinapokutana, watu hujenga mahali pa kuhamishia mizigo, kama ilivyofanywa Kidatu. Mzigo hushuka huku, ukapanda kule, na mwenye mzigo huupata. Wimbo wetu haukunyimwa kituo kwa kukosekana ufundi, maana Bluetooth yenyewe ni kituo cha namna hiyo. Umenyimwa kwa kuwa mwenye huduma hataki uende mahali asipoweza kuuona.

TUSIWALAUMU WANAMUZIKI

Hata hivyo haifai tuseme kwamba kila kufuli ni dhuluma. Vibanda vya kuingiza nyimbo viko katika kila stendi ya basi. Unatoa fedha kidogo, fleshi inajazwa nyimbo 200, na mwanamuzik haoni hata thumni. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999, lakini kibandani haijulikani. Wazee wa bendi za Tabora walipiga gitaa mpaka alfajiri, nyimbo zao zikapendwa Afrika Mashariki nzima, na wengi wao walizeeka bila mali. Mtu anayetaka kufuli lote livunjwe hana budi kwanza aseme mwanamuziki atakula nini.

Ninachodai ni kidogo: aliyelipa kwa uaminifu asiwekwe mahali pabaya kuliko aliyeiba. Mwenye nyimbo za kibandani anachomeka fleshi yake katika sabufa yoyote, nyumba nzima ikafurahi. Mpwa wangu, aliyelipa kila mwezi, alishindwa kumwachia bibi yake wimbo mmoja. Utaratibu unaomkera mwaminifu na kumstarehesha mwizi hauwezi kumfaidi mwanamuziki kwa muda mrefu.

Tena yawezekana kufanya vinginevyo. Apple yenyewe, iliyokuwa ikiuza nyimbo zenye kufuli tangu mwaka 2003, ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaliondoa katika nyimbo inazouza moja moja, na biashara ya muziki haikufa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, kampuni ya Mdundo ya Nairobi ilijijenga kwa kuwaruhusu wasikilizaji wapakue nyimbo zilizo wazi, gharama zikibebwa na matangazo ya biashara, na wanamuziki wakigawiwa sehemu ya mapato.

YAFAAYO KUFANYWA NYUMBANI

Wazazi wenzangu, kabla ya kutoa fedha dukani, yafaa kuuliza maswali machache. Chombo hiki kina tundu la waya? Kinasoma fleshi? Kitaendelea kufanya kazi ikiwa kampuni iliyokitengeneza itachoka nacho? Swali hili la mwisho si la mzaha. Mwaka 2022 Spotify iliuza Marekani kifaa chake cha kwenye gari kilichoitwa Car Thing. Mwaka huo huo ikaacha kukitengeneza, na Desemba 2024 ikavizima vyote, hata vile vilivyokuwa vizima kabisa. Chombo chenye tundu la waya hakizimwi na mtu aliye ng'ambo.

Pili, tuwafundishe vijana wetu tofauti ya kukodi na kununua. Kukodi si vibaya. Kunamwezesha kijana kusikia dunia nzima kwa fedha kidogo. Lakini wimbo ambao familia inataka ubaki, na ununuliwe mahali panapouza nakala isiyofungwa. Ndivyo tulivyofanya sisi. Katika zile nyimbo 40 tulizipata 11 tu za kununua. Tukalipa mara moja, zikaingia katika fleshi, na fleshi ikapelekwa Tabora na dereva wa basi.

Tatu, simu zetu tuzitazame kwa jicho la uangalifu katika maisha ya nyumbani. Redio ilipokuwa mezani, baba, mama na watoto walisikia wimbo mmoja, na mtoto alijifunza majina ya wanamuziki wa mji wake bila kufundishwa. Wimbo ukiwa mali ya simu, mwenye simu huondoka nao, na wazee ambao hawana simu ya namna hiyo, wala bando, wala macho ya kusomea maandishi madogo, hubaki kimya katika nyumba walizozijenga wenyewe. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu za kampuni yoyote.

Kwa hiyo wenye nyimbo na walipwe, na wenye huduma wapate faida yao ya halali. Lakini njia ikishalipiwa na ifunguliwe, mzigo ufike kwa mwenyewe. Mpagazi wa zamani, pamoja na uzito wa frasila zake, hakuombwa kibali cha kuimba alipofika nyumbani kwa mama yake.