Simu Safi: Mali ya Aliyeinunua

Hakuna mtu wa Kizuka anayekubali kununua dumu la mawese la lita 20 akakuta robo yake ni maji. Mnunuzi hulifungua, hunusa, humimina kidogo kiganjani, na akitilia shaka humwachia mwenyewe mali yake. Katika ukingo huo wa Ziwa Tanganyika, ambako mchikichi ndio karo ya shule na ndio dawa ya mgonjwa, watoto hujifunza mapema kwa mama zao namna ya kuikagua mali. Lakini mnunuzi huyo huyo, aendapo mjini Rumonge kununua simu kwa fedha ya msimu mzima, huitazama rangi yake, huipima kwa mkono, huuliza habari za kamera, kisha hulipa. Yaliyomo ndani hayaulizi. Na huko ndani ndiko kwenye maji.

Yafaa ieleweke kwanza simu hizi huendeshwa na nini. Nyingi kati ya zile ziuzwazo katika nchi zetu hutumia programu endeshi iitwayo Android, ambayo kampuni ya Google ya Marekani iliitangaza Novemba 2007, na simu ya kwanza ya kuitumia ikatoka mwaka 2008. Msingi wa programu hiyo hutolewa bure, na kiwanda chochote chaweza kuuchukua na kuubadilisha kipendavyo. Viwanda vingine huuacha karibu kama ulivyo: simu ikiwashwa huonyesha kitabu cha namba, kamera, saa, ujumbe, na mambo mengine machache. Vingine huuvika vazi lao wenyewe, kisha huongeza michezo, maduka, magazeti na visafishaji ambavyo mnunuzi hakuviomba. Baadhi ya nyongeza hizo huwamo kwa sababu wenye nazo wamekilipa kiwanda, na malipo hayo husaidia kuishusha bei ya simu dukani.

Yupo mama mmoja wa Kizuka, mchuuzi wa mawese, ambaye kwake jambo hili si la anasa. Alizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia pwani hii wakati wa mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2008, pamoja na maelfu ya wenzake, akarejea Burundi. Mama yake mzazi alibaki, akawa miongoni mwa watu zaidi ya 150,000 wa kundi hilo waliopewa uraia wa Tanzania. Bibi huyo hajui kuandika, hivyo humtumia binti yake sauti kwa WhatsApp: salamu, habari za mvua, majina ya marehemu wa ukoo na mahali walipozikwa, mipaka ya shamba la babu kama anavyoikumbuka. Mahali ambapo waliorejea na waliobaki wamevutana juu ya ardhi kwa miaka mingi, maneno hayo si porojo. Binti huyatunza ndani ya simu kama watu wengine watunzavyo hati ndani ya sanduku.

Simu yake iliandikwa gigabaiti 16. Miezi michache tangu ainunue ikaanza kumwambia kwamba nafasi imekwisha, naye akashangaa, maana picha hakuwa nazo nyingi. Akaipeleka kwa kijana fundi. Kijana akamwonyesha kwamba zaidi ya nusu ya nafasi ilikuwa imechukuliwa tangu siku ya kwanza na programu endeshi pamoja na nyongeza zake.

"Mama, baadhi ya hizi naweza kuzizima," kijana akasema, "lakini kuzitoa kabisa haiwezekani. Zimekuja nayo kutoka kiwandani."

"Mwanangu," mama akauliza, "kwani hii nyumba nimeinunua, au nimepangishwa?"

Hesabu yenyewe si ngumu. Ujumbe wa sauti wa dakika moja huchukua kama kilobaiti 150 hivi. Mchezo mmoja wa megabaiti 100, ambao hakuna aliyewahi kuucheza nyumbani humo, hukalia nafasi ya mamia ya dakika za sauti ya bibi. Na alipotakiwa kuchagua cha kufuta, vilivyokubali kufutika vilikuwa vyake tu.

Hasara haiishii hapo. Programu zisizoombwa hazilali: hutafuta intaneti usiku na mchana, huleta matangazo, hujiongezea mambo mapya. Kifurushi kilichonunuliwa ili mtoto asome au biashara ijibiwe huyeyuka mikononi. Betri nayo huisha. Sehemu kubwa ya kaya za vijijini Burundi hazina umeme, na wengi hulipa ili simu ichajiwe kwenye kibanda chenye nguvu ya jua. Mwenye nyumba huyo analipia chakula cha wageni ambao hakuwaalika.

Iko pia hatari kubwa zaidi. Juni 2019 Google yenyewe ilieleza jinsi programu haribifu iitwayo Triada ilivyopenyezwa ndani ya baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi, kwa njia ya makampuni yaliyopewa kazi ya kuongeza mambo katika programu endeshi. Uchafu wa namna hiyo hauondoki hata simu ikirudishwa katika hali yake ya awali, kwa kuwa umekaa katika msingi. Januari 2020 shirika la Privacy International, pamoja na mashirika mengine zaidi ya 50, liliiandikia Google barua ya wazi likidai kwamba mwenye simu awe na uwezo wa kuziondoa moja kwa moja programu zilizotangulia kuwekwa, na kwamba mtu asilipie faragha kama anunuavyo kitu cha fahari.

Kwa sababu hizo simu isiyochezewa imepata wapenzi wengi duniani. Mwaka 2014 Google ilianzisha nchini India mpango wa Android One, uliokusudiwa kuleta simu za bei nafuu zenye programu ile ile ya msingi. Mwaka 2015 mpango huo ukafika Afrika kwa simu ya Infinix Hot 2. Mwaka 2018 kampuni ya HMD Global ya Finland, iliyokuwa ikitengeneza simu za Nokia, iliufanya usafi huo kuwa sifa yake kuu ya kuuzia. Wateja wake waliahidiwa matoleo mapya kwa miaka miwili na marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu. Ikaja pia Android Go, yaani programu iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye uwezo mdogo. Mpango wa Android One umefifia tangu hapo, lakini baadhi ya simu za Nokia zake bado zimo mikononi mwa watu, zikipita kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake.

Hata hivyo haki yataka kusema upande wa pili. Si kila mkono uliogusa programu hiyo umeiharibu. Kampuni ya Transsion ya China, yenye majina ya Tecno, Infinix na itel, imependwa Afrika kwa kuwa ilitengeneza simu za laini mbili na betri ya kudumu, na ikarekebisha kamera zake ziweze kuzitoa vizuri nyuso nyeusi. Mama ambaye picha za harusi ya mwanawe zimetoka bila kufifia hatalaumu marekebisho hayo. Tena usafi wenyewe una mipaka: simu iitwayo safi bado huja na programu za Google, na Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro bilioni 4.34 kwa namna ilivyowabana watengenezaji wa simu za Android. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama nyongeza imewekwa kwa faida ya mwenye simu au ya mtu mwingine, na kama mwenye simu akiikataa inatoka.

Hapana budi, basi, akina mama na vijana wa nyumbani wajizoeze kuikagua simu kama wanavyolikagua dumu. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe simu iwashwe, aingie katika mipangilio, na atazame nafasi: kati ya gigabaiti zilizoandikwa kwenye boksi, ni ngapi zilizobaki kweli? Pili, afungue orodha ya programu na kujaribu moja asiyoihitaji: je, inakubali kuondolewa, au kuzimwa tu? Tatu, atazame toleo la Android na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Jambo hili la tatu si dogo, kwani tangu Januari 2025 WhatsApp imeacha kufanya kazi katika simu za Android 4.4, na simu kuukuu ya namna hiyo humkatia mtu ndugu zake hata kama kioo chake bado kinang'aa. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Kwa yule ambaye simu imekwisha nunuliwa, yako ya kufanya. Azime kila programu inayokubali kuzimwa, azinyime ruhusa ya kusoma namba na kusikiliza sauti zile asizozitumia, na azikataze kutumia intaneti zikiwa zimefichika. Kijana wa darasa la nane nyumbani aweza kuifanya kazi hiyo kwa nusu saa. Kisha anunue kadi ndogo ya kumbukumbu, ikiwa simu ina mahali pake, na kunakili humo sauti na picha za watu wake. Nakala ya pili akaiweke kwa ndugu anayeaminika. Mama wa Kizuka alifanyiwa hivyo na kijana yule fundi. Sauti za bibi wa Ulyankulu sasa zimo katika kadi mbili, moja ndani ya simu, na nyingine kwa kaka yake Rumonge mjini.