Safari ya Watu Wawili

Watu husafiri kwa sababu nyingi. Mfanyabiashara hufuata faida, mgonjwa hufuata dawa, mwanafunzi hufuata elimu, na haji hufuata radhi ya Mola wake. Kila mmoja wao akiulizwa njiani aendako, jibu lake ni fupi, kwa kuwa haja yake ndiyo kiongozi wake. Lakini yuko msafiri wa namna nyingine, asiye na bidhaa ya kuuza wala ugonjwa wa kutibu; naye ni mtu aendaye kutembea na kupumzika. Maadamu haja haimwongozi, hana budi kuongozwa na hiari. Na hiari ni kiongozi mgumu kuliko haja, hasa inapokuwa hiari ya watu wawili. Insha hii ni habari ya jinsi mimi na mke wangu tulivyopanga safari ya mapumziko ya Ulaya, na ya kosa nililolifanya katika kupanga huko.

Tulioana mwaka 2003. Katika muda wote huo hatukupata kusafiri pamoja mbali kuliko Tanga, ambako ndiko kwetu, na Unguja, tulikokwenda siku tatu baada ya arusi. Mimi nimepata kuishi Ulaya; yeye hajapata kuiona. Tangu mwaka 2009 hata mwaka 2013 nilikuwa Ujerumani, katika mji wa Bayreuth, nikisomea shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiswahili. Watu wengine hucheka wasikiapo kuwa Mswahili alivuka bahari kwenda kusoma Kiswahili kwa Wajerumani. Sina la kuwajibu ila kwamba elimu haina kabila, na kwamba chuo kikuu cha mji ule kimekuwa na jina katika masomo ya Afrika kwa miaka mingi. Mke wangu alibaki Tanga na watoto wetu wawili, pamoja na mama yangu mzazi. Nilirudi na shahada, nikapata kazi Dar es Salaam, na tangu hapo nimekuwa nikimwahidi kwamba siku moja nitamchukua akaone.

Ahadi ni deni. Tuliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitano, na ilipotosha tukaanza kushauriana juu ya njia. Washauri hawakukosekana. Rafiki zangu walitutajia Paris na mnara wake wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889. Wakatutajia Roma na uwanja wake wa kale wa Colosseum. Wakatutajia Venice, mji ambao barabara zake ni maji. Watoto walishikilia London, mpaka walipoambiwa kwamba viza ya nchi za Schengen haimfikishi mtu Uingereza, na kwamba huko hutakiwa viza nyingine yenye ada yake mbali.

Mimi niliyadharau mashauri hayo yote. Nilisema kwamba huko ndiko kila mtu aendako, na kwamba mtu mwenye elimu hafuati kundi. Nilitoa Venice kuwa ushahidi wangu: wageni wa kutwa wamezidi hata mji huo ukaanza, mwaka 2024, kuwatoza euro 5 kwa baadhi ya siku. Mji unaotoza watu kiingilio, nilisema, umekuwa kama nyumba ya senema. Mke wangu alisikiliza, wala hakubisha. Nami nilikitwaa kimya chake nikakifanya kibali, kosa ambalo waume wengi hulifanya kwa sababu kimya hakina mwandiko.

Nikakaa usiku mmoja nikaandika njia yangu. Tungeanza Berlin, katika jumba la makumbusho ya viumbe, ambamo umesimamishwa mfupa kwa mfupa mnyama wa kale aliyechimbwa katika kilima cha Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kimo chake chapita mita 13. Mifupa yake na ya wenziwe ilifukuliwa na vibarua wa nchi yetu, na wachukuzi wakaipeleka kwa miguu hata bandari ya Lindi. Nilisema moyoni kwamba Mtanzania aendaye Berlin asimwone mnyama yule amempita mtu wa kwao njiani bila ya salamu.

Kutoka Berlin tungekwenda Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, yenye eneo la hekta 389, ambamo mabasi ya abiria hupita ndani kana kwamba ni mji wa walio hai. Humo, katika makaburi ya ukoo wa mumewe, amelazwa Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alitoroka kwao mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi. Kitabu chake cha kumbukumbu za maisha yake kilitoka mwaka 1886. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake, kisha jina hilo likaondolewa kwa ajili ya maneno aliyoyaandika kuutetea utumwa. Alikufia Jena mwaka 1924, na katika vitu vyake ulikutwa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao. Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Sijui mtu ambaye methali hiyo ilimwangukia kwa uzito kuliko binti huyu wa sultani. Jena nayo niliitia katika njia yangu. Mwisho wa yote niliweka siku tatu za maktaba, kwa sababu palikuwa na maandiko niliyotaka kuyatazama.

Nikampa mke wangu karatasi ile kwa majivuno. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Baba Rehema, safari yako ina mifupa, ina kaburi, na ina vitabu. Walio hai tutawaona wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Yatupasa kutafuta viza, na viza ina masharti yake. Maombi hayapokewi kabla ya miezi sita ya siku ya safari, wala hayafai kucheleweshwa hata zikabaki pungufu ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Hutakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ushahidi wa fedha, wa malazi, na wa kazi ambayo mtu atairudia. Sisi, kwa kuwa tunasafiri mtu na mkewe, tulitakiwa pia cheti cha ndoa. Cheti chetu hatukukiona kwa miaka mingi. Tulipekua makabati na mikoba, mwisho mke wangu akatoa chini ya kitanda bati la biskuti ambalo sikupata kulifungua, kwa kuwa nilidhani mna nyuzi na sindano.

Cheti kilikuwamo. Lakini juu yake zilikuwamo barua zangu zote za Bayreuth. Simu ilikuwapo zamani zile, na tulikuwa tukipigiana; lakini mke wangu alipenda barua, akisema kwamba simu ikikatika haisomeki tena. Na katikati ya barua hizo ilikuwamo karatasi ndogo ya njano, stakabadhi ya sonara wa Tanga ya mwaka 2011, kwa bangili nne za dhahabu.

Bangili zile nilizijua. Alipewa na mama yake siku ya arusi, naye alipewa na mama yake. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba zimewekwa kwa ajili ya binti yetu. Mwaka 2011 posho yangu ya masomo ilichelewa miezi mitatu, na katika miezi hiyo mama yangu aliugua akalazwa. Mke wangu aliniandikia kwamba ndugu wamechanga, mgonjwa amepona, nisome. Ndugu walichanga kweli, lakini mchango wao haukufika hata robo.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Ningekuambia ungerudi. Na wewe mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia nini?"

Akachambua barua kama mtu achambuaye mchele, akatoa moja, akatoa nyingine, akazipanga juu ya mkeka. "Bustani," akasema. "Katika baridi ya mwaka ule wa pili umeniandikia mara kumi na moja kwamba ulikwenda kutazama bustani ya miti. Mtu haendi bustani moja mara kumi na moja kwa uzuri wake tu."

Msomaji, nina shahada ya kusoma maandiko ya watu wengine. Nimepata kufundisha kwa saa nzima juu ya neno moja la mshairi aliyekufa. Lakini mke wangu alikuwa amezisoma barua zangu kwa undani kuliko nilivyopata kusoma utenzi wowote, akajua kilichokuwamo na kilichoachwa. Bustani ile ni ya chuo kikuu, na ndani yake mna nyumba za vioo zenye mimea ya nchi za joto. Nje theluji ilikuwa ikianguka. Ndani palikuwa na mgomba. Nilikuwa nikienda kusimama karibu na mgomba ule mpaka miwani yangu ikaziba kwa mvuke, nikipima moyoni kama nivunje masomo nirudi nyumbani. Barua niliyoandika jioni ilisema kwamba nina afya njema na kwamba bustani ni nzuri. Hakuna neno la uwongo katika barua hiyo, na hakuna la kweli.

Tulikaa juu ya mkeka ule mpaka alfajiri. Yapo mambo tuliyoambiana usiku huo ambayo hayana nafasi katika insha. Lakini moja nitalisema, kwa sababu ndilo lililonifunza kosa langu. Nilikuwa nimefikiri kwamba kuikataa njia ya wengi ni uhuru. Kumbe mtu akimbiaye mahali kwa kuwa wengine wapo hapo ni mtumwa wa wengi sawasawa na yule awafuataye, maana wote wawili huchaguliwa njia na watu wasiowajua. Na tena nilikuwa nimepanga safari ya mwanachuoni mmoja, nikamweka mke wangu ndani yake kama mzigo mwema usiolalamika. Ndivyo alivyokuwa katika miaka minne ile, na karibu nimfanye vivyo hivyo mara ya pili, kwa jina la mapumziko.

Asubuhi nilimwambia kwamba fedha ile ya akiba tuiache safari, tununue bangili nyingine. Akatikisa kichwa. "Ukinilipa," akasema, "nitakuwa nilikukopesha; nami sikukukopesha." Kisha akatwaa kalamu, akageuza karatasi yangu, akaandika njia ya pili kwa mkono wake.

Njia hiyo ndiyo tuliyopelekea maombi ya viza. Inaanza Bayreuth, siku sita. Safari itakuwa mwezi wa Septemba, kwa sababu mwezi wa Agosti mji ule huwa na tamasha la muziki wa Wagner, lililoanza mwaka 1876, na vyumba huwa ghali na haba. Ametaka kuona jengo la wanafunzi nililokaa, walau kwa nje, na dirisha la ghorofa ya nne. Ametaka kuona duka la mikate ambalo mama mmoja mzee alikuwa akiniuzia mkate wa jana kwa nusu ya bei. Ametaka kukaa juu ya benchi la bustani ya Röhrensee nililolitaja katika barua ya mwezi wa Juni. Na siku nzima ametengea nyumba za vioo. Hakuna kitabu cha wasafiri kitakachomwelekeza mtu huko kwa ajili ya mgomba mmoja, ilhali kwetu sisi hapana mahali katika Ulaya penye haki zaidi ya kuonwa.

Mnyama wa Tendaguru amebaki, kwa ajili ya picha ya watoto. Jena na maktaba zimefutwa. Kaburi la Sayyida Salme hakulifuta. Nilidhani ameliacha kwa kunistahi, lakini alisema kwamba yeye ana shauri lake na mwanamke yule, shauri la mwanamke na mwanamke, nami nitasubiri kando. Na mwisho kabisa, chini ya karatasi, ameongeza siku mbili za Paris. Nilipotaka kusema neno, alinitangulia. "Mnara ule nitauona," akasema. "Watu wote hawawezi kuwa wajinga."

Viza zetu zimetoka wiki iliyopita. Bati la biskuti limerudi chini ya kitanda, lakini barua moja imetolewa ikatiwa katika pasi yake ya kusafiria. Nimemwuliza ni ipi. Amesema nitaijua tutakapofika penye mgomba.