Dada Ataka Mwanawe Aache Redio

Simu za dada yangu huwa fupi, kwa maana yeye hununua salio la shilingi kumi. Siku hiyo hakuwa na haraka. "Njoo uzungumze na huyu mtoto wako," aliniambia. Katika ukoo wetu, kijana akipita mtihani ni wake. Akianza kusumbua, ni wa mjomba.

Basi nikapanda matatu ya 46 hadi Kawangware. Dada anauza mitumba karibu na Kongo. Mwanawe ana miaka 22 na stashahada ya uandishi wa habari, kama mimi. Tangu mwaka jana anajitolea katika kituo kidogo cha redio kule Kibera. Kujitolea, msomaji, maana yake ni kupewa nauli mwisho wa mwezi, tena si kila mwezi. Sasa jamaa mmoja amemtafutia kazi ya kupanga bidhaa dukani, na anatakiwa kuripoti Jumatatu. Kijana hataki.

Kosa hili lina mkono wangu. Jumamosi usiku, baada ya kusoma matangazo ya mtaa, yaani mtoto aliyepotea, mfereji uliokauka, mchango wa mazishi, mpwa wangu hupiga muziki wa roki saa nzima. Majirani husema ni kelele za wazungu. Ladha hiyo aliipata kwangu. Nilipokuwa chuoni nilisikiliza X FM, 105.5, na hapo ndipo nilipojua kwamba Nairobi nayo ina bendi zake za roki, kama Parking Lot Grass na Murfy's fLaw. Mtoto huyu alikuwa akikaa miguuni pangu akitikisa kichwa.

X FM haipo tena katika masafa hayo. Wapenzi wa roki walikuwa wengi kelele lakini wachache idadi, na mwenye sabuni ya kuuza huenda palipo na halaiki. Ikiwa kituo chenye kampuni kubwa nyuma yake hakikudumu hapo, saa moja ya roki Kibera itaishi kwa nini?

Redio za mtaa zilizaliwa na shida zake. Koch FM ilianza Korogocho mwaka 2006, Pamoja FM ikafuata Kibera mwaka 2007, na zote zilipewa 99.9, masafa ambayo Kawangware pia imewahi kuyatumia. Zinaweza kugawana namba moja kwa sababu mitambo yao ni dhaifu makusudi: sauti haitakiwi kuvuka mbali na mtaa wake. Kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zinataka matangazo ya biashara yawe yanayoihusu jamii hiyo. Sasa niambie, kinyozi wa Gatwekera na mama wa mandazi watalipa ngapi? Mfadhili akiondoka, stima na kodi hazimfuati.

Niliyasema haya yote mbele ya kikombe cha chai. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mamake. "Mama, si wewe uliniambia habari za 2008?"

Dada alinyamaza. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walikuwa wakiishi Makina, kijana akiwa hajaanza shule. Hawakuthubutu kutoka nje. Walikuwa na redio ya betri, na Pamoja FM ilikuwa ikiwasihi watu wa Kibera wasiuane. Dada alikuwa akinisimulia kwamba ilikuwa sauti pekee iliyozungumza naye kama jirani.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Lakini karo yako niliilipa kwa mitumba."

Sikuwa na la kuongeza. Nilikwenda kumtoa redioni, na nikajikuta namuuliza kama kazi ya dukani ina zamu ya Jumamosi usiku. Ipo. Akasema atamwomba msimamizi ambadilishie, na akikataliwa, atajua la kufanya. Sikupenda jinsi alivyolitamka hilo, ila niliwahi kusema vivyo hivyo nikiwa na umri wake.

Aliondoka saa kumi na moja kwenda Kibera, begi mgongoni, akakataa nauli yangu, halafu akarudi akaichukua.

Nilibaki kwa chakula cha jioni. Saa tatu dada aliinuka bila kusema neno, akaitoa ile redio yake ya zamani juu ya kabati, akavuta antena, akaielekeza dirishani upande wa Kibera. Ilikoroma tu. Akaipandisha juu ya ndoo, akaigeuza, akaniambia nisogee nisimzibie. Kwa sekunde chache tulisikia gitaa, au pengine ni kelele za waya za stima. Dada alipunguza moto wa jiko ili asikie vizuri zaidi.