Na Wiki Hii Je?

Nililelewa katika nyumba ya Kilutheri mkoani Kagera, na kwa muda mrefu dini niliijua kama ratiba: kengele ya kwanza, kengele ya pili, liturujia, bahasha ya ahadi, kisha mnada wa ndizi na mayai nje ya kanisa. Katekisimo Ndogo ya Luther niliikariri yote kabla ya kipaimara. Sijutii: nikikosa maneno yangu mwenyewe, nasali kwa hayo hadi leo. Lakini imani yenyewe niliiona kwanza barazani kwa bibi.

Bibi alikuwa mlokole. Habari za Uamsho wa Afrika Mashariki alizisimulia kama za ukoo wake: jinsi Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walivyokutana Namirembe, Uganda, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja; jinsi Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu kule Gahini, Rwanda, alivyoumizwa na ubaridi wa Wakristo hadi alipofariki mwaka 1936, angali kijana. Moto huo ulivuka mpaka ukafika Bukoba. Walokole kama bibi hawakuanzisha kanisa jipya. Walibaki katika ibada zilezile, wakitaka tu moyo nao uingie kanisani.

Pale barazani ndugu waliimba wimbo wa Tukutendereza, kisha kila mmoja akaweka maisha yake nuruni. Machozi hayakunigusa sana. Kilichonigusa ni mzee aliyeungama kwamba alisogeza mpaka wa kibanja, na kesho yake akaenda kuurudisha mwenye shamba akiwa amesimama pale. Mama mmoja alimwomba radhi mkwewe mbele yetu sote.

Miaka ikapita, ushuhuda nao ukapata liturujia yake. Watu walisimulia siku waliyookoka kwa maneno yaleyale, hata sisi vijana tukaweza kuwamalizia. Bibi alimsikiliza kila mtu mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Bwana asifiwe, ndugu. Na wiki hii je?" Wapo waliokwazika. Wapo walioacha kuja.

Mimi swali lile lilinigeuza. Nikaanza kumpelekea Mungu mambo ya siku hiyohiyo: deni, chuki, jina la mtu niliyekuwa namkwepa njiani. Ibada ya Jumapili sikuiacha, bali ilipata uzito. Usharika ulipotamka maungamo ya dhambi, nilijua naungama nini.

Sasa naishi mjini. Jumuiya yetu hukutana alfajiri. Tunaimba, tunasoma somo, tunatoa sadaka, tunasikiliza matangazo, tunakimbilia kazini. Ni jumuiya njema, inayotembelea wagonjwa na kuzika wafu wake kwa heshima. Ila mtu anaweza kuhudhuria mwaka mzima bila yeyote kujua hali ya roho yake, na hilo linanihuzunisha.

Wazee wa jumuiya, nawasihi: fupisheni matangazo. Mmoja wenu aulize swali la bibi, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kulijibu.